Mto Lubumbashi: njia ya maji kutoka dembo mpaka Luapula, na parsele zetu



Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, ndugu mmoja wa chama chetu alikuja biro na furaha kubwa. Alikuwa amepata parsele. Mwenye kuuza alikuwa amemshushia bei, akakubali alipwe kwa mara tatu, na karatasi ilikuwa karibu kutoka. Alituomba tumsindikize kusudi tuone kama sanduku la chama linaweza kumsaidia manjanja na matofali ya kuanzia.

Tulikwenda watatu, siku ya pili asubuhi. Kwa macho, mahali penyewe ni pazuri: tambarare, majani tu, hakuna mti wa kung'oa, hakuna kichuguu cha kubomoa, na udongo mweusi ambao mkulima yeyote angeutamani. Hatua kama mia moja kutoka pale kulikuwa mama mmoja anamwagilia lengalenga. Tulimsalimia, tukamuuliza ginsi panavyokuwa mvua ikinyesha. Mama alisimama, akamtazama ndugu yetu vizuri, akasema: «Papa, hapa njo njia ya mayi. Mwezi ya pili utakuya na bwato.»

Ndugu yetu alinyamaza. Yeye si mtu asiyejua maji. Alizaliwa Pweto, kando ya ziwa Moero, akakaa kambini Kala miaka mingi, akavuka Luapula zaidi ya mara moja. Lakini huu mto mdogo ulioupa mji wetu jina hakuujua, na sisi wenyewe, tuliosoma hapa, tulikuwa tunaujua paka pale kwenye daraja. Tangu siku ile tumetembea kandokando yake, tumeuliza wazee na mama wa bustani, tumesoma kidogo. Tunawaletea hapa historia yake, sababu wengi wenu mwaka huu mnatafuta mahali pa kujenga.

Dembo ni nini

Mito mingi ya kwetu Katanga haianzii kwenye chemchemi inayobubujika kati ya mawe. Inaanzia kwenye majani. Mnatembea ndani ya pori la miombo, miti imesimama pande zote, mara miti inakwisha na mbele yenu kuna bonde pana lisilo na kina, limejaa majani tu. Hilo ndilo dembo. Waliokaa Zambia wanalijua kwa jina la dambo, na ni kitu kilekile.

Lubumbashi iko juu, mita 1.200 hivi kutoka usawa wa bahari, na inchi yenyewe imelala karibu tambarare. Mvua tunapata kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, jumla kama milimita 1.200 kwa mwaka. Mwezi wa ine na wa kumi ni ya katikati. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa ni kiangazi, kipwa kama tunavyosema, na tone haliongezeki. Sasa mto unapata wapi maji ya miezi ile mitano?

Unayapata kwenye dembo. Mvua ikianguka porini, miti na majani makavu vinaipunguza nguvu, inaingia udongoni polepole. Chini inakutana na tabaka gumu, haiwezi kuendelea kushuka, basi inatembea upande, ndani ya udongo, kuelekea bonde. Bondeni kuna udongo wa mfinyanzi mweusi ambao unashika maji. Miti ya miombo haivumilii kusimama na mizizi ndani ya maji miezi mingi, kwa hiyo pale majani peke yake ndiyo yanaota. Wakati wa kiangazi ngozi ya juu inakauka na kupasuka mpaka mtu anaweza kuingiza mkono ndani ya ufa, lakini chini bado kuna unyevu. Ndiyo sababu mama wa mboga wanalima pale mwezi wa nane, wakati mashamba ya juu yamekuwa vumbi.

Kwa hiyo mtu anayeona dembo mwezi wa tisa anaona uwanja mkavu. Akirudi mwezi wa pili atakuta maji yamefika magoti. Uwanja ni uleule.

Kutoka juu mpaka chini

Mto Lubumbashi unazaliwa kwa namna hiyo, upande wa kaskazini-magharibi ya mji, unashuka kuelekea kusini-mashariki. Hauna haraka. Inchi haina mteremko mkali, kwa hiyo mto unajipinda na kutawanyika kwenye majani, na vijito vidogo vinauingilia, kila kimoja na dembo lake.

Unapofika mjini, watu waliufunga kwa ukuta wakapata ziwa la kutengenezwa, lile tunaloita lac Tshombe, pale kwenye uwanja wa golf na hoteli Karavia. Baadaye mto unapita magharibi ya katikati ya mji, unapita chini ya shemine ndefu ya Gécamines na mlima mweusi wa takataka za kuyeyushia shaba, ule tunaouita teril. Kutoka pale unaendelea kusini mpaka unaingia mto Kafubu. Kafubu unakuja kutoka upande wa Kipushi, na ndio unaopokea karibu maji yote ya mji wetu: Lubumbashi kwa upande huu, na Naviundu, Luano na Ruashi kwa upande wa mashariki.

Kafubu unakwenda mashariki mpaka Luapula. Hapa, wandugu wa Pweto, sikilizeni vizuri. Luapula unatoka kwenye mabwawa ya Bangweulu ndani ya Zambia, unazunguka, unapanda kaskazini kama mpaka kati ya inchi mbili, unapita Kasenga, unaingia ziwa Moero. Ziwa lile linatoa maji yake pale Pweto, kwa mto Luvua. Luvua unakwenda kukutana na Lualaba pale Ankoro. Lualaba unapita Kongolo na Kindu, na kutoka Kisangani unaitwa mto Kongo, mpaka Mbandaka, mpaka Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki pale Banana.

Maana yake maji ambayo mama wetu anachota na ndoo kwenye dembo la Lubumbashi, yakipata nafasi, yatapita mbele ya Pweto. Yatapita katikati ya ziwa ambalo wengi wetu tulilikimbia, Kongo upande mmoja, Nchelenge na Chiengi upande mwingine. Tulipomweleza ndugu yetu hivyo, alicheka mara ya kwanza siku ile. Alisema: «Kumbe tulifuataka mayi nyuma-nyuma.» Ni kweli. Sisi tuliorudi kutoka Zambia tukaja kukaa Lubumbashi, tumepanda njia ambayo maji yanashuka.

Maji ndiyo yaliyochora mpaka

Kwa nini maji ya Lubumbashi hayaendi Zambia moja kwa moja, wakati mpaka uko karibu hivi, hata Kipushi uko mlangoni? Sababu mpaka wenyewe uliwekwa kufuata maji. Mwaka wa 1894 Waingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana juu ya kugawanya inchi. Hawakuwauliza Balamba, wala Basanga, wala Bemba. Walisema tu: kutoka ziwa Moero kupanda, mpaka ufuate Luapula, halafu huku kwetu ufuate mgongo wa inchi unaogawanya maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Mvua ikianguka huku, ni ya Leopold. Ikianguka kule, ni ya Waingereza. Kamisyo ya mipaka ilikuja kuweka alama chini baadaye, kuanzia 1911 mpaka 1914.

Ule mgongo mtu hauoni. Si mlima, ni pori tambarare kama pori lingine. Lakini matokeo yake ni makubwa. Wandugu waliokaa Ndola ao Luanshya watasema: «Lakini Kafubu tunaijua, inapita kule!» Mna haki. Kuna Kafubu mbili. Ile ya Zambia inaingia Kafue, Kafue inaingia Zambezi, na Zambezi inakwenda bahari ya Hindi. Ya kwetu inakwenda Atlantiki. Jina ni moja sababu watu wa pande zote mbili walikuwa wa lugha moja na ukoo mmoja kabla mtu yeyote hajachora mstari. Maji ya mvua moja, pori moja, yanaachana pale juu na hayakutani tena.

Tunawakumbusha hayo sababu wengi wenu mmeitwa «Muzambia» tangu mrudi, kwa kutaniwa ao kwa ubaya. Mpaka unaowafanya wageni ulikatwa kwa kufuata mteremko wa maji, na watu wake walikuwa wakitembea pande zote mbili siku zote.

Mwaka wa 1910: mji unakuja mtoni

Kabla ya 1910, hapa palikuwa na vijiji vya Balamba na mashamba yao, na shaba walikuwa wanaijua tangu zamani. Utawala wa Wabelgiji wa Katanga ulikuwa mbali, Lukonzolwa, kando ya ziwa Moero. Ndiyo, Lukonzolwa ileile ya kwetu Pweto. Kwa hiyo Wazungu pia walitoka Moero wakaja Lubumbashi, miaka mia moja mbele yetu!

Walichofuata ni vitu viwili: reli na shaba. Reli ilikuwa inapanda kutoka kusini, kutoka Rhodesia, na ilifika hapa mwaka wa 1910. Shaba ilikuwa kwenye shimo la Étoile, upande wa Ruashi wa leo, si mbali. Lakini kiwanda cha kuyeyusha shaba hakikujengwa kwenye shimo. Kilijengwa kando ya mto Lubumbashi, sababu tanuru inahitaji maji mengi. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ilimwaga shaba ya kwanza pale mwezi wa sita 1911. Naibu-gavana Emile Wangermée alichagua sehemu ya mji mashariki ya mto, akachora avenu zake zilizonyooka juu ya inchi kavu, na mji ukaitwa Élisabethville, jina la malkia wa Wabelgiji.

Tazameni ramani ya zamani mtaona akili yao. Nyumba za Wazungu ziliwekwa juu, mahali maji hayatuami. Mabonde yaliachwa majani. Watu weusi waliwekwa kando, kwenye kambi za wafanyakazi na kwenye cité iliyokuja kuitwa Albert, Kamalondo ya leo, na katikati iliachwa nafasi tupu ya mita mamia, «zone neutre», kusudi watu wasichanganyike. Ugawaji ule ulikuwa wa ubaguzi, hatuusifu. Lakini mambo mawili tunajifunza pale: wale walikuwa na uwezo wa kuchagua, na walipochagua hawakuchagua dembo.

Wafanyakazi walitoka pande zote: Luapula na Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, mpaka Rwanda. Ndani ya kambi zile Kiswahili chetu hiki kilipata sura yake. Chakula cha mji kilitoka mbali pia, na sehemu moja ilirudi kwa njia ya mto wetu: wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga wakatuma samaki wa Luapula na Moero huku kulisha watu wa shaba. Maji yalishuka, samaki wakapanda. Samaki mpumbu, ambaye wazee wa Luapula bado wanamtaja, alivuliwa mpaka akapungua vibaya sana kufika mwisho wa miaka ya 1940.

Mwaka wa 1966 jina la malkia liliondolewa. Waliotafuta jina la kuweka hawakwenda mbali. Walichukua la mto. Tangu siku ile, kila mara mtu anataja mji wa pili wa Kongo, anataja kijito ambacho kiangazi mtoto anaweza kukiruka.

Moshi na teril

Kuna sehemu ya historia hii isiyo tamu, na wenye bustani lazima waijue.

Tangu 1911, kwa miaka mingi sana, moshi wa kiwanda ulitoka kwenye shemine na kubebwa na upepo. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, basi moshi ulikwenda kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga, na kuangusha shaba, zinki, kadmiamu, arseniki na vingine juu ya udongo. Miti ya miombo ilikufa kule, pakabaki ardhi tupu na majani mafupi ya namna moja tu yanayovumilia sumu. Takataka za tanuru zilirundikwa kando ya mto mpaka zikawa teril. Tangu miaka ya 2000 wanaichimba tena kutafuta kobalti iliyobaki ndani.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao. Walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na mashimo na viwanda vya madini Katanga, wakakuta kobalti kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeandikwa bado kwa watu wa kawaida mahali popote. Wengine wa Université walipima matope ya Naviundu, Luano na Ruashi, na humo pia wakakuta madini.

Hatusemi msile lengalenga. Tunasema hivi: bustani iliyo juu ya mji, mbali na njia ya moshi na mbali na maji ya kiwanda, si sawa na bustani iliyo chini yake. Mboga zioshwe na maji safi zaidi ya mara moja, hasa za majani, sababu vumbi linakaa juu yake. Watoto wadogo wasiachwe kuchezea udongo karibu na teril, wanakula na mikono ileile. Na maji ya mto, pale mjini na chini ya mji, si ya kunywa hata yakichemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi madini.

Waliokuja mwisho wanapewa bonde

Sasa tuje kwa historia yetu wenyewe, sababu imeungana na ya mto.

Vita vilianza 1998. Mwezi wa kumi na mbili 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa waasi na wenzao, na watu kwa maelfu walivuka kwenda Zambia, wengi bila hata sufuria. Kambi ya Mwange ilikuwa imefunguliwa tayari, upande wa Mporokoso, na Kala upande wa Kawambwa. Watoto walizaliwa kule, wakasoma Kiingereza na Bemba. Kurudi kulianza 2007, kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba na kwa barabara mpaka Pweto, na mwaka wa 2010 kambi zile mbili zilifungwa. Halafu 2017 fujo zilianza tena, watu wakavuka upya, wakapokelewa Kenani, na 2018 wakawekwa Mantapala. Kutoka Mantapala kurudi kulianza mwisho wa 2021.

Kwa karatasi, mtu anarudi kwake. Lakini wengi wetu tulipofika kijijini tulikuta shamba lina mwenyewe mwingine, nyumba imekuwa majani, na shule haina mwalimu. Tukapanda mpaka Lubumbashi. Na Lubumbashi haikuwa inatungojea. Kamalondo, Kenya na Katuba zimejaa tangu zamani. Iliyobaki ni komine Annexe, inayozunguka mji kama mkanda, na ndani ya Annexe, kitu cha bei nafuu ni dembo.

Bei nafuu ina sababu. Mwenyeji anajua bonde, hanunui. Anayenunua ni yule asiyeona mvua ya mahali pale hata mara moja. Kwa sheria ya 1973 udongo wote ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia, lakini kati ya sheria na parsele kuna mikono mingi, na kila mkono unataka kitu. Hatutaji mtu. Tunasema tu kwamba karatasi yenye muhuri haizuii maji.

Na maji yenyewe yamebadilika. Pori la juu limekatwa kwa ajili ya makala, na sisi wenyewe tunapika bukari kwa makala yale, kwa hiyo tusinyooshee mtu kidole. Miti ikiisha, mvua haipati wa kuipunguza nguvu, inateleza juu ya udongo na kufika bondeni yote kwa pamoja. Vichuguu vikubwa vinachimbwa vinakuwa matofali. Mifereji inajaa plastiki. Mvua ileile ya zamani sasa inafika kwenye mlango wa nyumba.

Msimu uliopita familia tatu za chama chetu zilipoteza nyumba usiku mmoja. Zilikuwa za matofali mabichi, na msingi wake ulikuwa ndani ya udongo mweusi. Udongo ule unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukuta ulipasuka tangu kiangazi, na mvua ilimaliza kazi tu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja alituambia neno ambalo tumebeba mpaka leo: «Mi nilikimbia vita mara mbili. Hii ya mayi, ni mi mwenyewe nililipia.»

Tulichogombana ndani ya komite

Tunawaambia wazi, wanachama na wafadhili, kwamba jambo hili lilituletea mabishano. Parsele za juu ziko mbali na barabara na bei yake ni kubwa. Kwa feza ileile ya sanduku, tukinunua juu, familia chache tu zitapata nafasi mwaka huu. Wandugu wengine walisema: afadhali wengi wapate kitu, hata kama ni bondeni, kuliko wachache wapate kizuri na wengine waendelee kupanga chumba kimoja watu nane. Neno hilo si la upumbavu. Aliyelisema anapanga chumba kimoja, watu nane.

Lakini tulihesabu tena. Nyumba iliyoanguka haihesabiki kama msaada. Familia zile tatu tumezisaidia mara mbili, na bado hazina nyumba. Kwa hiyo komite imepatana hivi: sanduku halitasaidia tena kujenga ndani ya dembo. Litasaidia kulima ndani yake. Dembo ni shamba zuri la kiangazi na limelisha mji huu tangu mwanzo. Kosa ni kulala pale. Mwenye bustani bondeni atasaidiwa mbegu na vyombo vya kumwagilia. Mwenye kutafuta nyumba atasindikizwa na timu yetu kabla hajatoa hata franka moja.

Wafadhili, hapo tunawaomba uvumilivu. Ripoti ya mwaka huu itakuwa na nyumba chache kuliko mlizozoea kusoma.

Na kila mwanachama anaweza kusoma inchi mwenyewe, bila sisi. Ukionyeshwa parsele wakati wa kiangazi, angalia miti kwanza. Kama kuna majani peke yake, na pori linaanza mbali pande zote mbili, uko ndani ya dembo. Angalia udongo: mweusi wenye nyufa ni wa bonde, mwekundu ni wa juu. Angalia vichuguu vikubwa: vinapenda mahali ambapo maji hayatuami. Angalia visima vya majirani: kama mwezi wa tisa maji yako karibu kuguswa na mkono, mwezi wa pili yatakuwa nyumbani. Angalia kuta za nyumba zilizo karibu, kama kuna mstari wa tope. Halafu muulize mama wa bustani, wala usimuulize mbele ya mwenye kuuza. Na kama unaweza, rudi uone mahali pale siku moja baada ya mvua kubwa, ndipo utoe feza.

Ndugu yetu wa mwezi wa kumi alikuwa ametoa sehemu ya kwanza tayari, kabla ya kuja biro. Aliomba arudishiwe, hakurudishiwa. Basi hakujenga. Amelipa sehemu ya pili kwa shida, na pale kwenye parsele amepanda lengalenga na matembele, karibu na mama yule aliyemwambia ukweli. Bado anapanga chumba. Mwezi wa pili tulikwenda kumtembelea. Maji yalikuwa yamefunika majani kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, yanatembea polepole sana, kuelekea mjini, kuelekea Kafubu. Alituonyesha kwa kidole mahali alipokuwa amepanga kuweka mlango.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano mkuu, wenye kutaka tutatembea pamoja kandokando ya mto, kuanzia madembo ya juu mpaka kwenye teril. Njooni na viatu vya matope, na mlete wazee wanaokumbuka.